Mzima Abaki Nyumbani

Asubuhi ile nilimkuta Daktari amekaa sakafuni katikati ya maboksi, na maboksi yote matupu. Alikuwa na kamba ya kufungia mizigo mkononi, anaizungusha kidoleni kama mtoto aliyekatazwa kutoka nje.

"Unafungasha?" nikamwuliza.

"Nafungasha."

"Mbona sioni kilichofungwa?"

"Nimeanza na mdomo. Vingine vitafuata."

Daktari huyu si wa hospitali. Ni fundi viatu wa mtaa wetu, na jina hilo alipewa kwa namna yake ya kusema. Kiatu kilichochanika kwake hakikuwa kibovu, kilikuwa mgonjwa. Soli ikiachama, alisema ana kikohozi. Kisigino kikilika upande mmoja, ana kibiongo. Na kiatu kilichoshindikana kabisa alikirudisha kwa mwenyewe kwa mikono miwili, sauti kaishusha: "Poleni sana. Tumejitahidi." Watu walikuwa wakicheka mpaka wanasahau kwamba wanarudi nyumbani pekupeku.

Mimi nilikuwa tarishi maisha yangu yote, kazi ya kupeleka bahasha ofisi hii kwenda ile, na mtu wa kazi hiyo akimkosea adabu fundi viatu amejikata miguu mwenyewe. Ndivyo tulivyojuana. Nilipostaafu, miguu ikawa imezoea kuja kwake, sikuona sababu ya kuikataza. Nilikuwa nakaa kwenye benchi lake tangu asubuhi, yeye anagonga, mimi nasema, au yeye anasema na mimi nasinzia. Lakini nisianze kuzurura mapema namna hii.

Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa cha kazi, cha nyuma cha kulala, na katikati pazia. Alipanga hapo binti yake hajaota meno. Mkewe alifia chumba cha nyuma, yeye akaendelea kugonga chumba cha mbele, maana angefanya nini. Kisha mwenye nyumba naye akatangulia, watoto wake wakauza, na aliyenunua anataka kubomoa aweke jengo la maduka. Alikuja mwenyewe kusema, kijana mwenye heshima zake, akavua hata kofia. "Mzee wangu, mpaka Ijumaa patakuwa pamekuwa wazi, eh?" Daktari akamjibu, "Patakuwa wazi, baba." Hapakuwa na ugomvi. Mara nyingine ugomvi ungesaidia, mtu angalau unapata joto.

Basi binti akaja kumchukua. Ni mtoto wake wa pekee, anafua mashuka katika hospitali ya mji mwingine, mwanamke mwenye mikono minene na moyo mwepesi. Anaishi vyumba viwili na mumewe na watoto, na alikuwa amemtengea baba yake kona nyuma ya mlango, kitanda kinaingia kwa kubanwabanwa. Yeye humwita Baba, na baba humwita Mama, kama ilivyo kwa mabinti wanaopendwa. Mimi huniita Baba Mdogo, ingawa namzidi baba yake umri na ndevu.

Alipofika alikunja mikono ya gauni, akaingia kazini. Alianza na chumba cha nyuma. Sisi tukakaa mbele tunasikiliza sufuria zinagongana. Nilidhani atamaliza jioni. Chai niliyokuwa nayo mkononi haijapoa, akatoka na boksi moja kakumbatia.

"Baba, vingine viko wapi?"

"Vingine vipi?"

"Vyombo vyako. Nguo zako."

"Si hivyo hapo?"

Akaliweka chini, akachungulia ndani kama mtu anayetafuta uongo. Suruali mbili, shati la kuendea misiba, blanketi, birika, redio isiyosema, na shuka la marehemu mama yake lililokunjwa likakunjwa tena. Akasema polepole, "Miaka yote hii, Baba? Hivi ndivyo?"

"Mtu mmoja, mama. Ningekuwa na vijiko ishirini ningekoroga bahari?"

Hapo ndipo binti alipoinua macho akauangalia ukuta wa mbele. Labda alikuwa ameuzoea tangu utotoni, kama mtu anavyouzoea uso wa shangazi yake na asiweze kukwambia pua ikoje. Ukuta wote ulikuwa rafu, sakafu hadi dari, na rafu zote zilikuwa viatu. Vyeusi, vya kahawia, vya wanawake vya kisigino kirefu, buti za kazi, viatu vya shule. Vyote vimeshonwa, vimepigwa rangi, vimefutwa vumbi. Na kila kimoja kilikuwa peke yake.

"Na hivi?" akauliza.

"Hivi si vyangu."

"Vya nani?"

"Vya watu."

"Watu gani, Baba?"

"Watu wenye miguu."

Nilicheka mimi. Binti hakucheka. Alitoa kimoja, kiatu kizuri cha mwanaume, ngozi laini, akakigeuza huku na huku. "Kingine kiko wapi?"

"Kwa mwenyewe, nyumbani."

Inabidi nieleze jambo hili, maana mtu asiye wa mtaa wetu hawezi kulielewa. Zamani, Daktari bado ana nywele, alipokea viatu vya bwana harusi na vya shemeji yake siku moja, vyote vyeusi, vyote vya kamba. Akavitengeneza vizuri sana, akavirudisha vibaya sana. Bwana harusi aliingia ukumbini na viatu viwili vya kushoto. Picha zipo, amesimama kama mtu anayetaka kukata kona. Tangu siku ile Daktari akaweka sheria: mgonjwa aje, mzima abaki nyumbani. Kama kiatu kimoja ndicho kilichochanika, lete hicho hicho. Cha pili kina nini mpaka kije kulazwa? Kitaambukizwa bure.

Watu waliipenda sheria hiyo. Ilikuwa rahisi, unapita na kiatu kimoja kwapani unakwenda zako. Walimtania: "Daktari, mgonjwa wangu anakula?" Naye: "Jana amekunywa uji." Na kweli hakuchanganya tena hata siku moja. Akajivunia sheria yake kama watu wengine wanavyojivunia mtoto aliyesoma.

Lakini sasa, ona. Mtu ameacha kiatu kimoja kwa fundi, kingine kiko chini ya kitanda. Ikapita wiki, akanunua vingine. Maana siku hizi viatu vipya vinaletwa kwa malori, vimebandikwa kwa gundi kama bahasha, na bei yake ni ya kucheka. Kile cha chini ya kitanda kikamkera, siku ya usafi akakitupa. Kile cha kwa fundi akakisahau. Kama wangeleta vyote viwili, fundi angebaki na jozi, na jozi ina thamani, ataivaa mtu. Kiatu kimoja huwezi kuuza, huwezi kutoa sadaka, hata mwizi hakitaki. Daktari alikuwa amejijengea ukuta wa vitu visivyofaa kwa mtu yeyote duniani isipokuwa mwenyewe, na mwenyewe hayupo.

"Baba," binti akasema, "hivi tunatupa."

"Mali ya mtu haitupwi."

"Mtu mwenyewe ameshatupa kingine!"

"Ametupa chake alichonacho. Hiki amenikabidhi. Hajaja kuniambia, Daktari, nimekitoa."

"Na akiwa amekufa?"

"Ana watoto."

Binti akanigeukia. "Baba Mdogo, sema naye."

Nikasema, "Mama, mimi tangu lini nikisema huyu anasikia? Masikio yake yamejaa nyundo."

Akakaa juu ya boksi lake. Nilimwona amechoka, na si uchovu wa kubeba. Kule kwake watoto wanalala mzungu wa nne, mumewe amekubali kwa shingo upande, na hapa baba anataka kuhamia na viatu vya ulimwengu. Mwisho akasema, "Haya. Gari linakuja Ijumaa asubuhi. Vitakavyokuwa vimerudi kwa wenyewe, vimerudi. Vitakavyobaki humu, Baba, usiniulize. Na wewe usivitazame. Unanisikia?"

"Nimesikia, mama."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Daktari hakutaka kitu kingine katika kuhama kule. Kitanda kikivunjika, kivunjike. Alitaka asiondoke mtaani kama mtu aliyekimbia na mali za watu.

Tukachukua gunia, tukatia viatu ambavyo wenyewe tunawajua, tukaingia njiani. Mimi nilibeba gunia maana bega langu limezoea mizigo ya wengine. Yeye alitangulia.

Tulianza kwa muuza nyama wa kona. Daktari alimtolea kiatu cha kahawia, kipana, kimepanuka pembeni pale kidole chake cha mwisho kinapochomoza. Muuza nyama akakitazama, kisu mkononi.

"Si changu."

"Ni chako, bwana. Ulikileta mvua zinaanza."

"Daktari, mimi sijavaa kahawia tangu nizaliwe."

"Hebu tia mguu."

"Nitie mguu mimi, mbele ya wateja? Kama kiatu kizuri hivyo si uvae mwenyewe?"

"Ni kimoja."

"Basi ruka na mguu mmoja!" Wateja wakaangua kicheko. Mmoja akadakia, "Fundi mbaya, kiatu chake dawa!" na wakacheka tena. Daktari akacheka pia, kidogo, akakirudisha guniani. Tulipofika mbali akaniambia, "Ni chake. Umeona anavyosimama? Uzito wote nje." Nilikuwa nimeona.

Nyumba mbili tatu zilizofuata, wenyewe walikuwa wamehama kabla yetu. Mlango mmoja ulifunguliwa na msichana aliyesema mama hayupo, na mama akauliza kwa nguvu kutoka ndani, "Ni nani?" Msichana akajibu, "Wazee wanauza viatu!" "Waambie sipo!" Tukamwambia msichana amsalimie mama aliyepo huko aliko.

Kisha tukafika kwa Mwalimu. Alifundisha hesabu shule ya karibu mpaka akastaafu, na nusu ya mtaa ilipigwa rula na mkono wake. Daktari alikuwa na kiatu chake cha kushoto, cheusi, kisigino kifupi, na alikuwa amekishona upya ukingo wote kwa uzi wa nta. Mkwewe alitukaribisha. Mwalimu alikuwa ukumbini, kwenye kiti, na khanga magotini.

"Daktari wa watu!" akasema. "Nimesikia unahama. Ndiyo umeniletea mgonjwa wangu?"

"Amepona kabisa, Mwalimu. Samahani nimekawia."

"Mguu gani?"

"Wa kushoto."

Mwalimu akaitazama khanga yake. Kisha akaanza kucheka, cheko la kweli, mpaka akajifuta machozi, na mkwewe akawa anatazama sakafu. Akaisogeza khanga. Mguu wa kushoto ulikuwa umekatwa chini ya goti. Sukari, alisema. Walikata mwaka jana.

"Unaona sasa," akamwambia Daktari, "wewe umeponya kiatu, wenzako wameshindwa mguu."

Daktari alisimama na kile kiatu mikononi. Nilimwona anatafuta maneno yake ya kawaida ya poleni tumejitahidi, na maneno yakamkatalia. Mwalimu ndiye aliyenyoosha mkono. "Kilete. Si changu?" Akakipokea, akapitisha kidole kwenye mshono. "Kazi nzuri. Kile cha kulia nimekivaa kimekwisha. Ungeniletea cha kulia, Daktari, ungenipata."

Maneno hayo ya mwisho Daktari alitoka nayo kama mtu aliyepewa zawadi. Njiani mwendo wake ulibadilika, nikawa namkimbilia na gunia langu. "Umesikia alivyosema?" akaniuliza. "Wapo watu wa mguu mmoja! Mimi nimekaa na viatu vya mguu mmoja kumbe wapo watu wa mguu mmoja! Akili yangu ilikuwa wapi?"

"Lakini si wenyewe," nikasema.

"Si wenyewe, lakini ni mahali. Ningeweza kumwambia mtu, kiatu chako kipo, anakivaa fulani. Hiyo si kutupa."

Nyuma ya hospitali kuna karakana ya kutengeneza miguu ya bandia. Tulikwenda kesho yake, na gunia limejaa zaidi. Fundi wa pale alikuwa mama wa makamo, ana unga mweupe wa plasta mpaka kwenye nyusi. Alitusikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si wengi hulifanya. Akachukua kiatu kimoja, akakinusa kwa ndani kama wanavyofanya mafundi, akasema, "Mzee, umekishona wewe? Mkono mzuri."

"Basi vichukue."

"Nivipeleke wapi, baba yangu? Mguu wa bandia nao unavaa kiatu. Tukishamwekea mtu mguu, anataka viwili, tena vinavyofanana, ndiyo raha yake yote. Anataka aonekane kama watu."

"Na wasiowekewa?"

"Muulize huyo langoni."

Langoni alikuwapo muuza pipi na biskuti, watu humwita Magongo kwa sababu ya magongo yake mawili. Mguu wa kulia hana. Daktari akachuchumaa mbele yake, akamweleza habari yote, akafungua gunia. Magongo akachungulia.

"Lo! Mzee, na wewe unavyo?"

"Navyo vipi?"

"Mimi nyumbani ninavyo vya kulia tele. Kila nikinunua viatu, muuzaji hakati nusu. Nachukua viwili, navaa cha kushoto, cha kulia kinakaa. Vipya kabisa, havijaona vumbi. Mke wangu anasema ama viatu ama yeye." Akamshika Daktari mkono. "Wewe fundi, utajua pa kuvipeleka. Nikuletee?"

Daktari akanitazama. Mimi nilikuwa nimeshageuza uso, nacheka na kifua kinauma, sijui kama ulikuwa ubaya. Alimwambia Magongo, "Ahsante, ndugu yangu. Mimi nahama." Kisha akamchagulia viatu vya kushoto vitatu, akavijaribu mguuni mwake, mwenyewe amepiga magoti pale chini. Viwili vilimbana. Kimoja kilimpwaya, Magongo akasema atajaza karatasi. Ndicho kiatu pekee kilichopata mguu wiki ile, na hata mguu wenyewe haukuwa wa mwenye kiatu.

Njia nzima ya kurudi mimi ndiye niliyesema, mpaka nikajichosha.

Alhamisi alifungua mlango tangu mapema akakaa kwenye kiti chake cha kazi, mikono magotini. Alikuwa amewaambia wauzaji wa sokoni, wapiga debe wa stendi, kinyozi, kila mtu mwenye mdomo: Daktari anahama, mwenye mgonjwa aje amchukue. Watu walikuja, nisiwasingizie. Walikuja kumuaga. Walisimama mlangoni, wakasema, "Daktari, mtaa utakuwa mpweke," na wengine hata machozi yaliwalengalenga. Akawa anawauliza, "Na kiatu chako je?" Nao, "Ah, Daktari, kile! Nilishakisahau. Fanya unavyojua." Mpaka jioni alikuwa ameambiwa fanya unavyojua na watu wengi, na kila aliyesema hivyo, Daktari alikitoa kiatu chake kwenye rafu akakiweka sakafuni. Hao walikuwa wamemruhusu. Lakini ukuta haukuonekana kupungua.

Ijumaa gari likaja, lori dogo lililokuwa limebeba pia magodoro ya mtu mwingine. Binti alikuwa amepatana na mwenye mkokoteni wa taka aje baadaye, baba yake akiwa ameondoka. Ila mwenye mkokoteni alikuwa mtu wa kuwahi. Alifika pamoja na gari, akaingia, akaona ukuta ule, akapiga mluzi.

"Hivi ndivyo taka? Mbona vizima?"

"Toa tu," binti akasema kwa sauti ya chini. "Haraka."

Sasa taka nzuri ina miguu ya kutembea. Kabla hajamaliza kumwaga shehena ya kwanza nje, majirani walikuwa wameshazunguka. Mmoja akaokota kiatu cha kike chekundu, akasema Mungu wangu, akainama kutafuta mwenzake. Wa pili akainama. Muda si muda mtaa mzima umeinama, watu wanachakura kama kuku, "Nani ameona cheusi cha kamba, namba tisa?" "Wewe, hicho ni changu nimekiona kwanza!" "Kiko wapi kingine? Kiko wapi kingine?"

Daktari alikuwa ameshapandishwa nyuma ya lori, amekaa juu ya godoro, uso ameuelekeza nyumbani. Binti alimwomba asitazame, lakini mtu utamgeuza shingo?

"Havina vingine!" akawaambia. "Jamani, ni kimoja kimoja! Vingine viko kwenu!"

Hakuna aliyesikia. Kisha mama mmoja mnene, mkononi ana viatu vinne vya watu wanne, akasimama wima akasema kwa hasira, "Huyu mzee mchoyo! Vingine amevificha humo garini!"

"Amevificha?"

"Sasa utakuwaje na kimoja kimoja? Nani anatengeneza kiatu kimoja?"

Wengine wakaanza kuchungulia lorini. Mwenye mkokoteni akapanda gurudumu akainua blanketi. Daktari akainua mikono yote miwili, kama mtu anayepekuliwa. "Mimi sina kitu cha mtu," akasema. "Hivyo vyote ni vya wenyewe."

"Wenyewe ndio sisi!" akajibiwa, na wakacheka, wakaendelea kuchakura.

Binti akapanda kwa haraka mbele na dereva. Nikampa Daktari mkono, akaushika, mkono wa ganda la gundi na nta. Gari likaondoka. Waliokuwa wakichakura, kila aliyechoka kutafuta mwenza alikitupa alichonacho pale pale alipo, kwa hiyo viatu vikawa vimesambaa barabara nzima, na dereva hakuwa na la kufanya ila kupita juu yake.

Lilikuwa halijafika mwisho wa mtaa nilipomwona mwanamke anakuja mbio upande wa soko, kitambaa kimemdondoka mabegani. Sikumjua. Alikuwa ameinua mkono juu, na katika mkono kuna kiatu. Anapunga, anaita, "Daktari! Daktari, ngoja!"

Daktari alimwona. Alisimama juu ya godoro, lori linayumba, akaanza kuigonga bodi kwa kiganja. Akagonga, akagonga, kwa nguvu zake zote.

Mtu aliyepanda malori anajua: ukigonga mara moja, dereva anasimama. Ukigonga zaidi ya mara moja, unamwambia twende, wote wamepanda. Daktari hakuwa mtu wa malori. Kila alivyogonga, dereva akakanyaga mafuta. Wakakata kona.

Mwanamke akafika pale nilipo, pumzi hana. Alikuwa ameolewa upande wa pili wa mji, amesikia sokoni asubuhi ile, akarudi nyumbani kukichukua kiatu. Kiatu alichoshika kilikuwa cha ngozi ya kahawia nyepesi, kimefutwa vizuri, kimetiwa karatasi ndani kisijikunje.

"Kingine kipo kwake," akaniambia. "Alikuwa amekitengeneza?"

"Alikitengeneza. Alivitengeneza vyote."

"Sikuwa na haraka nacho. Nilijua kwake kipo salama."

Tulikitafuta. Tulianzia mlangoni tukashuka mtaa mzima, mimi upande huu, yeye upande ule, tunageuza kimoja kimoja, vingine vimekanyagwa na matairi mpaka soli zimebanduka. Kama kilikuwapo, kiliondoka na mtu. Mwisho akasema, "Basi, baba. Mungu amsaidie," akakitia kiatu chake kwenye mkoba, akaenda zake. Aliyenunua nyumba alikuwa amesimama mlangoni na kufuli, ananisubiri nitoe benchi.

Daktari alipiga simu baadaye, kwa simu ya binti yake. Alisema amefika, watoto hawajambo, kona yake inatosha. Akasema kule hakuna anayemwita Daktari, wanamwita Babu, na Babu ni jina zuri. Niliuliza kama amefungua vifaa vyake. Akasema bado, viko chini ya kitanda, akivitoa watoto watajichoma. Nikasikia nyuma yake sufuria na mtoto analia.

"Yule aliyekuwa anakimbia," akasema, "alitaka nini?"

Nikasema, "Alikuwa anakuaga tu."

"Na kiatu mkononi?"

"Alikuwa anapunga nacho, mzee mwenzangu. Watu wana mambo."

Nikasikia anaihamishia simu sikio la pili.

"Kilikuwa cha kushoto," akasema. "Mimi nilikuwa na cha kulia."